Nyumba ya Stanislavski na viwanja vya mapiko huku kwetu

Swali la wiki hii, makumbusho gani yamekugusa kuliko yote na kwanini. Najua watu wa kusini wenzangu wengi mtamtaja mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbuliwa Lindi, aliyeko Berlin na mna haki kabisa, ila mi ntataja nyumba, nyumba ya Konstantin Stanislavski pale Moscow, nilifika enzi nasoma Urusi.

Kwa asiyemjua, huyu alikuwa mwigizaji na mwongozaji wa michezo ya jukwaani, ndo aliyeanzisha Moscow Art Theatre mwaka 1898 na mwenzake Nemirovich-Danchenko, na mpaka leo ukisomea uigizaji lazima ukutane na mbinu zake. Mwaka 1921 alipewa makazi mtaa wa Leontyevsky namba 6, akakaa humo mpaka anafariki 1938, na tangu 1948 ni makumbusho.

Vitu vipo vingi, vitabu, mavazi ya jukwaani, picha kibao, hivyo nilipita harakaharaka. Kilichonishika ni ukumbi. Yaani ndani ya nyumba kuna ukumbi una nguzo nne nyeupe, na mzee alikuwa anafanyia mazoezi hapohapo nyumbani, mwaka 1922 wakaandaa humo opera, yaani mchezo wa kuimbwa, ya Tchaikovsky, Eugene Onegin, na zile nguzo hawakuzificha, wakazifanya sehemu ya mchezo wenyewe, hata walipohamia jukwaa kubwa nguzo zikaenda nao. Halafu 1928 akapata shambulio la moyo akiwa jukwaani, kuigiza kukaishia hapo, lakini kufundisha hakuacha, wasanii wakawa wanamfuata nyumbani. Nilisimama pale muda mrefu sana. Mchoraji anaacha picha, mwandishi anaacha kitabu, ila mwongozaji pazia likifungwa huna cha kushika, kwahiyo kutunza pale alipofanyia mazoezi ndo kutunza kazi yake.

Sasa huku kwetu. Vinyago vya mapiko, ile ngoma ya Wamakonde ambayo mchezaji anavaa kinyago, viko makumbusho za Ulaya toka zamani, Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akakusanya vitu na kurekodi nyimbo, mzigo ukaenda Leipzig. Lakini kinyago ndani ya kioo hakina ngoma, hakina mchezaji, hakina yule mzee anayewapanga vijana nani aingie saa ngapi na ngoma ipi ianze, na huyo mzee ni mwongozaji kabisa hata kama hakuna anayemwita hivyo! Wazee wa hivi wapo Newala, wapo Tandahimba, mpaka hapa Mtwara mjini, mazoezi wanafanyia uani kwao chini ya mwembe, wakifariki kiwanja kinagawanywa au kinauzwa na hakuna anayeshtuka, hili linaniuma sana.

Ugumu upo, mapiko yana siri zake, zamani wanawake na watoto ambao hawajapita jandoni hawakutakiwa kujua nani yumo ndani ya kinyago, kwahiyo huwezi kufungua kila kitu ukaweka kiingilio, wenyewe ndo waseme kipi kionyeshwe na kipi kibaki kwao. Ila uwanja unaweza kubaki, ngoma zikawepo, vijana wakaendelea na mazoezi palepale wageni wawepo wasiwepo. Mi ningeanza na uwanja mmoja tu, halmashauri ikae na familia wakubaliane mzee akiwa bado yupo na anasema mwenyewe anavyotaka, sio kusubiri mpaka siku ya arobaini.