Mgonjwa wa kansa akipata homa kipindi cha virusi, msisubiri kukuche

Ndugu zangu mnaouguza mtu wa kansa, au wewe mwenyewe uko kwenye kemo, yaani dawa kali za kuua seli za kansa, leo naomba tuongee kuhusu homa. Korona ilivyoingia 2020 dada yangu alikuwa katikati ya matibabu ya limfoma, kansa inayoshika seli za kinga, na hakuna kitu kilitutesa kama kujua lini twende hospitali na lini tubaki ndani. WHO walitangaza Mei 2023 kwamba dharura imeisha, sawa, lakini virusi bado vipo na wenye kansa bado wanaumwa navyo kuliko sisi wengine.

Ila kansa hazifanani jamani. Walio hatarini zaidi ni wa kansa za damu, yaani leukemia, limfoma na mailoma, kwasababu ugonjwa umeshika hizohizo seli za kinga, na wa kansa ya mapafu nao wako pabaya. Aliyemaliza matibabu miaka mingi nyuma hali yake siyo sawa na ya mtu aliyewekewa dripu ya kemo wiki iliyopita.

Sasa sikilizeni hapa. Baada ya kemo seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa, zinashuka, mara nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, na homa ikija kipindi hicho, nyuzi 38 kwenda juu, msiseme hii ni korona tu ajitenge chumbani itapita. Inaweza kuwa korona kweli, lakini pia inaweza kuwa bakteria wameingia kwenye damu, na hao wanaweza kumaliza mtu ndani ya masaa, anahitaji antibayotiki ya kwenye mshipa haraka sana. Usiku mmoja joto la dada likapanda, nyumba nzima wanasema tusubiri kukuche hospitali kumejaa korona, mi nikakataa tukaondoka. Kipimo cha korona hakikuonyesha kitu, kumbe seli nyeupe zilikuwa zimeisha kabisa, akaanzishiwa dawa palepale.

Kwahiyo kipimajoto kiwe karibu na kitanda, namba ya wodi iwe kwenye simu ya kila mtu, na msimpe parasetamoli kabla hamjapima maana joto litashuka mtadhani kapona, ugonjwa uko palepale. Mkipiga simu neno la kwanza liwe "yuko kwenye kemo", na mtaje tarehe ya dozi ya mwisho.

Ikiwa ni korona kweli bado haraka inatakiwa, Paxlovid kwa mfano, dawa ya korona ya kumeza, inaanzwa ndani ya siku 5 tangu dalili zianze, na inagongana na dawa nyingi zikiwemo baadhi za kansa, kwahiyo nenda na orodha ya kila anachomeza, hata dawa za mitishamba, usifiche.

Chanjo achome, za korona zilizozoeleka hazina kirusi hai, ila muulize daktari achome lini, maana dawa kama rituximab, inayotumika kwa baadhi ya limfoma, zinaua seli zinazotengeneza kingamwili na chanjo inaweza isishike vizuri kwa miezi. Ndo maana sisi tunaoishi naye tulichanja wote, na mwenye mafua alikuwa haingii chumbani kwake bila barakoa. Na tezi za kwapani zikivimba baada ya chanjo msishtuke sana, hutokea, ila mwambieni anayempiga picha za hospitali kama skani ili asidhani ni kansa imesambaa.

Kitu kinaniuma mpaka leo ni watu walioacha kemo wenyewe kwa kuogopa foleni ya hospitali. Daktari anaweza kusogeza dozi mpaka virusi viishe, na kwa mtu mwenye kinga ya chini vinaweza kukaa wiki nyingi, lakini leukemia kali haisubiri hivyo, kwahiyo uamuzi huo mfanye na daktari siyo na majirani. Na wewe uliyeona uvimbe kwenye titi ukasema utaenda virusi vikipungua, nakuomba nenda wiki hii.