Presha imeshuka, mama ameacha vidonge

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mamaangu ana miaka 61, tupo Wete, Pemba. Mwaka juzi alipimwa akakutwa na 178/104, akaandikiwa amlodipini miligramu 10 na losatani miligramu 50 kwa siku. Miezi minne nyuma alipimwa akapata 126/78. Akafurahi, akasema amepona, akaacha vyote. Tena miguu ilikuwa ikimvimba jioni na jirani akamwambia vidonge vya presha vinakula mafigo. Sasa kila asubuhi anakunywa kitunguu thomu kilichopondwa kwa ndimu, na ameletewa chupa ya dawa ya miti. Wiki iliyopita duka la dawa lilimpima 162/96, lakini kichwa hakimuumi na anasema yu mzima. Je, arudie vidonge, au aendelee na thomu na apunguze chumvi?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Nianze na la haraka: mpeleke kliniki wiki hii, usingojee kichwa kimuume. Asikae akanywa vidonge viwili viwili kufidia miezi iliyopita. Hilo litamwangusha chini kwa kizunguzungu. Kliniki watampima presha, damu kwa ajili ya kreatinini (taka inayoonyesha mafigo yanavyochuja) na potasiamu (madini ya damuni), na mkojo kuangalia protini, ndipo dozi ipangwe upya.

Sasa hiyo 126/78. Hapa ndipo watu wanapopotea kila siku, na wengine wanapotea pamoja na wanaowashauri. Namba ile haikuwa dalili ya kupona, ilikuwa kazi ya vidonge. Chombo cha baharini kinachovuja ukikikuta ngama kavu, yaani hamna maji chini ndani yake, usiseme tundu limeziba. Uliza nani anafua maji na kuyatupa nje. Mamaako alimfukuza anayefua maji kwa sababu ngama ilikuwa kavu.

Na amlodipini ina hadaa yake. Haitoki mwilini upesi: nusu yake tu ndiyo hutoka kwa kiasi cha saa 30 hadi 50. Mtu akiacha leo, kesho yuko sawa, keshokutwa yuko sawa, siku ya tatu anapimwa anakuta namba nzuri, anawaambia watu barazani: "Mnaona? Sinywi kitu na presha iko chini." Dawa bado imo. Inaisha baada ya wiki moja au zaidi kidogo, na presha inapanda polepole bila ya kumpa habari. Na ikiwa siku ile ile aliyoacha vidonge ndiyo aliyoanza thomu, sifa zote zinakwenda kwa thomu.

Wenye kunywa atenololi, dawa nyengine ya presha, wana hatari ya namna nyengine. Ile ukiikata ghafla moyo unaweza kwenda mbio na presha kuruka, na mwenye maradhi ya moyo anaweza kupata shambulio. Hiyo hupunguzwa kidogo kidogo na daktari, haiachwi kwa siku moja.

Kichwa kutomuuma hakuna maana. Presha ya 160 kwa watu wengi haiumi popote, na wengi wenye kichwa kinachowauma presha zao ni nzuri. Anayemeza kidonge siku kichwa kinapogonga tu, au anayeazima kimoja kwa jirani, hajitibu presha. Anajitibu wasiwasi.

Kuhusu mafigo, maneno haya yamegeuzwa juu chini. Kinachoharibu mafigo ni presha yenyewe: inakaza na kutia makovu vimishipa vidogo vinavyochuja damu. Watu wanamwona mgonjwa wa figo ana mfuko wa vidonge vya presha, wanalaumu vidonge. Losatani ni miongoni mwa dawa zinazoyalinda mafigo, hasa kwa mwenye protini kwenye mkojo au mwenye kisukari. Ni kweli kreatinini inaweza kupanda kidogo wiki za mwanzo, na ndiyo sababu damu hupimwa baada ya wiki moja hadi nne za kuanza au kuongeza dozi. Kwa hiyo dawa inasimamiwa, haikimbiwi.

Ukitaka kinachoumiza mafigo kweli, tazama kwenye mkoba wa mama kama hamna diklofenaki au ibuprofeni za magoti na kiuno. Hizo zinapandisha presha, zinazuia maji na chumvi kutoka, na zikikutana na losatani na kidonge cha mkojo (cha kukojoza) kwa pamoja zinaweza kuangusha mafigo kwa siku chache, hasa mtu akiwa anaharisha au ana kiu cha mfungo. Cha ajabu, hizo hakuna jirani anayemkataza mtu. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli inatosha.

Miguu kuvimba nako, kwa anayekunywa miligramu 10, mara nyingi si figo, ni amlodipini. Inapanua mishipa midogo inayoleta damu kuliko ile inayoirudisha, maji yanachuruzika na kukaa kwenye vifundo vya miguu, na jioni yanaonekana zaidi. Miligramu 10 inavimbisha kuliko 5. Kwa kawaida daktari huishusha amlodipini hadi 5 na kuipandisha losatani hadi 100, na losatani yenyewe husaidia kupunguza uvimbe huo. Kosa ni kwenda dukani kununua furosemidi ya kukausha miguu: uvimbe wa namna hii hauitiki vizuri kwa kidonge cha mkojo, na mama atapoteza potasiamu bure. Lakini uvimbe wa mguu mmoja tu, au unaokuja na pumzi fupi akilala chali, ni jambo jengine, asisubiri.

Thomu sina ugomvi nayo. Ikiwa ndani ya pilau au ndani ya kikombe, inaweza kushusha presha kwa pointi chache. Kutoka 162 hadi chini ya 130 haimfikishi. Ndimu nayo haiyeyushi damu wala mafuta, hilo ni neno la mitaani. Tumboni inakuta asidi kali kuliko yenyewe. Akipenda kunywa anywe, juu ya vidonge, si badala yake.

Chupa ndiyo inayonitia hasira. Haina karatasi, haina kipimo, haina jina la mti, muuzaji anapita na kipaza sauti sokoni au anatuma sauti kwenye WhatsApp: siku 21 presha kwisha, kisukari kwisha, nguvu za kiume kurudi, chupa ile ile. Mwambie akuandikie kilichomo na gramu ngapi, utaona anavyobadilisha mazungumzo. Baadhi ya dawa za namna hii duniani zimepimwa zikakutwa zimechanganywa steroidi (dawa kali za kuzima uvimbe) au diklofenaki, ndiyo maana mtu anahisi viungo vyepesi siku ya pili. Presha inapanda huku anashukuru. Wengine wanachemsha kitu cha kukojoza sana, mtu anapungua kilo mbili za maji akadhani amepona. Na anayewaambia wagonjwa waache vidonge vya hospitali "ili dawa isigongane" huyo anakuuzieni kiharusi.

Chumvi ndiyo, apunguze, lakini ihesabiwe yote. Kikomo ni gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na ndani yake imo ya mkate, achari, kubu ya supu, dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi, na ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi. Mtu anaweza kuacha kutia chumvi kwenye mchuzi, kisha akala kipande cha ng'onda kikamaliza hesabu ya siku nzima. Akikitamani mno, kilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe mara mbili, kipikwe kwa nazi bila ya kutia chumvi nyengine, na kiwe kidogo. Chumvi ya kuanikwa hapa Pemba si laini kuliko ya pakiti. Ile chumvi ya potasiamu inayouzwa kama badala, mwenye losatani asiitumie bila ya kupimwa damu. Kutembea nusu saa siku tano kwa wiki, na kupunguza uzito kama umezidi, kunasaidia kweli. Kwa presha iliyoanzia 178, kunasaidia vidonge, hakuviondoi.

Ile 162 ya dukani irudieni nyumbani kwa utaratibu. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini haikupandana, ameshakojoa, nusu saa bila ya kahawa. Mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda wa mashine ufungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa baibui. Mkono mnene unataka mkanda mkubwa. Mdogo hutoa namba ya uongo ya juu. Mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, siku saba, namba za siku ya mwanzo muziache, zilizobaki mtafute wastani. Nyumbani kuanzia 135/85 ni juu. Ikifika 180/120 na ana maumivu ya kifua, pumzi kubana, mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, ulimi mzito au macho kuingia kiza, ni hospitali saa ile ile. Na akitokea mtu wa kumtobolea kidonge cha nifedipini chini ya ulimi ili "ishuke upesi", mkatazeni: presha ikiporomoka ghafla, ubongo hukosa damu.

Mfungo ukifika, vidonge vya mara moja kwa siku anywe wakati wa futari au wa daku, achague mmoja na asiubadilishe.

Binti au mkwe aliyepata mimba akiwa anakunywa losatani au enalaprili (nayo ni dawa ya presha) aende kliniki siku anayojua, kwani hizo zinamdhuru mtoto tumboni; kuna nyengine za wajawazito, kama methildopa.

Siku ya kwenda kliniki tieni vyote kwenye mfuko mmoja: maganda ya vidonge, dawa za magoti, na ile chupa.