Tamthilia za Usiku na Watoto: Je, Niiondoe Televisheni?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mume wangu hutazama tamthilia na filamu za mapigano baada ya Isha, na watoto wetu wa miaka 8 na 12 hukaa naye sebuleni. Mambo ya kitandani na ya damu yote wanayaona. Nikisema, hunijibu kuwa ni mchezo tu. Je, niiondoe televisheni?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah. Dada yangu, hukumu ya televisheni inafuata kinachotazamwa. Ama hilo la "mchezo tu", silikubali.

Sura ya An-Nur, aya ya 58, inaagiza watoto wasiobaleghe wabishe hodi nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya Isha. Hapo mtoto anazuiliwa asiwakute wazazi wake, waliooana kwa halali, hawajajisitiri. Sasa saa hiyohiyo ya baada ya Isha tunamkalisha atazame uchi wa watu baki, kwa ruhusa ya nani?

Na mumeo asidhani ni jambo la watoto peke yao. Amri ya kuinamisha macho, aya ya 30 ya sura hiyo, imeanza na wanaume. Hapa Kenya kanuni za utangazaji zinazuia vipindi vya watu wazima kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku. Ni kanuni nzuri, lakini saa 4 ikipita haramu haigeuki halali.

Kuhusu ukatili, Abu Daud amepokea kwamba masahaba walimfanyia mwenzao mzaha: alikuwa amelala, wakachukua kamba yake, akashtuka. Mtume (s.a.w.) akasema si halali Muislamu kumtisha Muislamu. Ikiwa mzaha wa kamba umekemewa, vipi kuchinjana kuwe burudani ya mtoto kabla ya kulala? (Taarifa ya habari za vita ni jambo jingine, mkubwa akae naye amweleze.)

Usiiuze kwa hasira. Zungumza na mumeo faraghani, watoto wasisikie, maana yeye ndiye mchunga atakayeulizwa. Fungeni chaneli hizo kwa namba ya siri ya king'amuzi, na simu nazo zisilale na watoto. Akikataa, watoe watoto sebuleni saa hizo. Huvunji utii wa mume, kwani hakuna utii katika maasi. Mkikubaliana wote wawili kuiondoa kabisa, iondoeni.

Wallahu aalam.