Daftari la babu na simu isiyojua Kiswahili

SWALI: Shikamoo bibi. Nachapa kwenye stesheneri hapa Ngamiani, Tanga. Marehemu babu yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na ametuachia daftari la utenzi alioutunga mwenyewe. Lugha ni Kiswahili, ila hati ni za Kiarabu. Mdogo wangu alipiga picha kurasa tatu akazitia kwenye programu ya simu inayosoma Kiarabu. Yakatoka maneno yasiyo na mbele wala nyuma. Ami yetu naye hataki daftari lipigwe picha. Anasema lina jina la Mungu, na kwa kuwa limechakaa lizikwe, kama inavyofanywa misahafu iliyochanika. Mimi hati hizo nazisoma kwa kubahatisha tu. Nifanyeje?
Mjukuu, Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Nakusihi daftari lisizikwe, na ami yako asigombwe.

Simu ya mdogo wako ni nzima. Programu ile imefundishwa Kiarabu, basi kila ikiona herufi inatafuta neno la Kiarabu. Wazee wetu walizichukua herufi hizo wakazitwisha sauti ambazo Mwarabu hana. Kwenye mwandiko wa kale herufi moja ya be inaweza kuwa b, p au mb; fe ikawa f au v; dali ikawa d au nd. Kasra, kile kistari cha chini ya herufi, ni i, na pia ni e. Dhamma, ile alama ya juu yenye mkia, ni u, na pia ni o. Wako walioongeza nukta tatu kuonyesha p au ch, na wako ambao hawakuona haja, maana walimwandikia mtu anayeijua lugha.

Mimi mwenyewe nilikosea hapo. Nilipokuwa bado natumia taipu, mzee mmoja aliniletea barua ya marehemu baba yake nimchapie. Nikasoma kwamba baba huyo "akifua" Sahare, nikachapa hivyo. Mzee aliposomewa alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, baba alikuwa akivua." Ni fe ileile. Mtu aliyelea watoto wake kwa bahari, mimi nilimgeuza dobi. Nilirudia ukurasa mzima, na tangu siku hiyo sichapi hati hizo bila mwenye habari kukaa pembeni yangu.

Utenzi una rehema moja ambayo barua haina, nayo ni vina na mizani. Kila kipande kina mizani nane, na vipande vitatu vya mwanzo vya ubeti vina kina kimoja. Ukikuta kipande cha kwanza kimeishia "Mtume", hapo mimu, yaani herufi ya m, yenye kasra ni "me", hakuna shaka. Basi kipande cha pili kikiishia mimu na kasra, usisome "nisimami", soma "nisimame". Babu yako amekuachia ufunguo ndani ya kila ubeti. Simu haikuutazama, kwa kuwa hakuna aliyeifundisha kwamba upo.

Sasa ami. Hukumu ya dini mwulizeni shehe wa msikiti wenu, mimi si mahali pangu. Ninachokiona ni kwamba hofu yake ni ya heshima: hataki jina la Mungu likanyagwe, wala lifungiwe maandazi. Mwambie picha haiondoi heshima hiyo, na kwamba daftari litabaki kabatini, juu, limefungwa kwa kitambaa safi cha pamba. Kisha mwombe jambo ambalo ni yeye tu anayeliweza, alisome kwa sauti. Huyu alimsikia babu yako akisema. Mrekodi kwa simu, ubeti kwa ubeti. Hata mngekuwa na mashine nzuri kiasi gani, ningeanza na sauti ya ami, kwa sababu karatasi inaweza kungoja mwaka, na ami ni mtu mzima.

Picha pigeni asubuhi barazani, kwenye kivuli, bila flashi, ukurasa mzima hadi pambizo, maana wazee waliandika mengi pembeni. Msibandike selotepu, itakula karatasi. Hifadhini nakala kwenye simu, kwenye flashi, na kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Hewa yetu ya chumvi na mchwa wa Tanga unavijua.

Ukianza kuchapa, zima kile kisahihishi cha kompyuta. Kitapiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kimtang'ata, lahaja ya pwani yetu, na mkono wako wa kazini utataka kulinyoosha liwe Kiswahili cha shule. Usifanye hivyo! Liache kama alivyolisema babu. Penye shaka weka alama ya kuuliza. Kazini unalipwa kwa ukurasa, najua, lakini hii haiendi kwa mwendo ule. Beti tano kwa jioni zinatosha. Ukitaka kuchapa na hati zenyewe, weka kibodi ya Kiajemi, ina pe na che ambazo ya Kiarabu mara nyingi haina.

Hemedi bin Abdallah, mtu wa hapa hapa Tanga, alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, vilivyoanza 1888, nasi tunausoma leo kwa kuwa wako waliounakili. Na mwaka 1970 J.W.T. Allen, mtaalamu wa Kiswahili, alichapisha orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyowekwa maktaba ya chuo kikuu Dar es Salaam. Mingi ilitoka kwenye makabati ya watu kama nyinyi. Mdogo wako naye asikate tamaa. Programu ya kusoma hati hizi itafundishwa kwa picha ya ukurasa ikiwa na usomaji sahihi kando yake, na hicho ndicho mtakachokuwa mnakitengeneza pale barazani.

Ukikwama niandikie. Ila nitumie picha ya ubeti mzima, si neno peke yake.