Maswali ya Wasomaji: Mganga wa Merikebu na Mimea Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kusoma habari za safari za baharini za karne ya 18 nimekutana mara kadhaa na jina la Archibald Menzies wa Uskoti, ambaye pengine anaitwa mpasuaji na pengine mtaalamu wa mimea. Je, huyu ni mtu mmoja? Kama ni mmoja, alizimudu vipi kazi mbili zilizo mbali hivyo? Na ni kweli kwamba alipeleka miti Uingereza ikiwa mfukoni mwake?

JIBU: Ni mtu mmoja, na katika zama zake kazi hizo hazikuwa mbali hata kidogo. Dawa nyingi za wakati huo zilitokana na mizizi, magome na majani, kwa hiyo mwanafunzi wa tiba alilazimika kuijua mimea kwa majina na kwa sura. Menzies, aliyezaliwa mwaka 1754 karibu na Aberfeldy katika jimbo la Perthshire, alianza upande wa bustani. Alifanya kazi katika Bustani ya Mimea ya Edinburgh chini ya Profesa John Hope, ambaye ndiye aliyemhimiza asomee utabibu. Kwa kijana asiye na mali ushauri huo ulikuwa na maana kubwa, kwa kuwa jeshi la wanamaji lilihitaji wapasuaji, na mpasuaji aliyepata nafasi merikebuni alifikishwa kwenye pwani ambazo mtunza bustani asingeziona maisha yake yote.

Alijiunga na jeshi hilo, akapelekwa Halifax katika Nova Scotia, na kutoka huko akawa akimpelekea mbegu Sir Joseph Banks, mlezi mkuu wa elimu ya mimea mjini London. Kati ya mwaka 1786 na 1789 alizunguka dunia akiwa mpasuaji wa merikebu ya biashara ya ngozi za wanyama. Safari iliyomjengea jina, hata hivyo, ni ile ya merikebu Discovery chini ya Nahodha George Vancouver, kuanzia mwaka 1791 hadi 1795. Aliingia humo akiwa mtaalamu wa mimea tu, lakini mwaka 1792 mpasuaji wa merikebu aliugua, naye Menzies akabebeshwa kazi zote mbili.

Hapo ndipo matatizo yalipoiva. Banks alikuwa ameagiza kijumba cha vioo kijengwe juu ya sitaha ili mimea hai ifike salama katika bustani ya mimea ya Kew, karibu na London. Kwa nahodha, kijumba hicho kilikuwa kero mahali pa kuendeshea chombo. Mwezi Julai 1795, wakiwa njiani kurudi, Vancouver alimwondoa mtumishi aliyeitunza mimea na kumpa zamu ya ubaharia. Kijumba kikaachwa wazi, mvua kubwa ikanyesha, na mimea mingi ikaharibika. Menzies alilalamika kwa ukali, nahodha akamweka chini ya ulinzi kwa kosa la utovu wa heshima na kutaka ashtakiwe katika mahakama ya kijeshi. Shauri hilo lilifutwa baada ya Menzies kuomba radhi. Kwa maoni yangu hakuwa na kosa kubwa zaidi ya ulimi, ingawa ni haki kukumbuka kwamba nahodha mwenyewe alikuwa mgonjwa na mabaharia wake walikuwa wachache.

Kuhusu mfuko: masimulizi yaliyozoeleka ni kwamba mwaka 1795, akiwa mgeni wa gavana wa Chile mjini Santiago, aliandaliwa mezani kokwa asizozifahamu, akatia chache mfukoni badala ya kuzila, kisha akazipanda merikebuni. Kwa hiyo alichobeba ni mbegu. Miche mitano ya mti wa kokwa hizo, Araucaria araucana, ilifika Uingereza, na mti mmoja ulidumu pale Kew hadi mwaka 1892. Majani yake ni makali kama miba, na Waingereza husema kwa utani kwamba hata nyani angeshindwa kuupanda.

Jina lake limo pia katika Pseudotsuga menziesii, mti mrefu wa magharibi ya Amerika ya Kaskazini, japokuwa katika lugha ya kila siku mti huo huitwa kwa jina la Mskoti mwingine, David Douglas. Menzies aliishi London akiwa tabibu hadi alipofariki mwaka 1842.

Mwaka 1834 Douglas huyo aliupanda mlima Mauna Loa wa Hawaii, ambao Menzies alifika kileleni mwake Februari 1794 na kuupima kwa barometa (kipima kanieneo ya hewa), akapata futi 13,634, pungufu kwa chini ya futi 50 tu ya kipimo cha leo. Wazee wa huko walikuwa bado wanamkumbuka yule mgeni wa kwanza: mtu mwenye uso mwekundu, aliyekata watu viungo na kuokota majani.