Jino Linapong'oka Ziwani: Niliyojifunza Kati ya Dunga na Ndere

Jino langu la mbele, la juu upande wa kushoto, liling'oka tukiwa Ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ndere, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa boti kutoka ufuo wa Dunga. Binamu yangu alikuwa akivuta kamba ya kuwashia injini, ambayo ilikuwa imekataa kuwaka mara mbili, nami nilikuwa nimeinama nyuma yake nikikusanya mshipi. Kamba ilipoachia ghafla, kiwiko chake kilinipiga mdomoni, na jino likaanguka juu ya mbao za boti likiwa zima pamoja na mzizi wake. Tulifanya yale ambayo wavuvi wengi ninaowajua wangeyafanya: binamu yangu aliliokota, akalisuuza ziwani huku akilisugua kwa kidole gumba mpaka likawa jeupe, akalifunga kwa karatasi ya shashi, akanipa nilitie mfukoni, kisha tukageuza boti kurudi Kisumu. Daktari wa meno alipoifungua ile karatasi, alinieleza kwa upole kwamba jino halingeweza tena kushika.

Maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Mzizi wa jino hufunikwa na utando mwembamba wenye chembe hai, na utando huo ndio unaolishikamanisha jino na mfupa wa taya. Chembe hizo hufa upesi zikikauka, na jino lililokaa kavu kwa muda wa saa moja huwa limezipoteza karibu zote. Sisi tulikuwa tumezishambulia kwa njia tatu. Kidole gumba kilizikwangua. Maji ya ziwa, kwa kuwa hayana chumvi, yaliingia ndani ya chembe na kuzipasua. Na karatasi ikamalizia kwa kuzikausha. Zaidi ya hayo, maji ya Ghuba ya Winam, yaani sehemu hii ya ziwa, yana vijidudu vya kutosha kuambukiza kidonda chochote kibichi, kwa hiyo hata kusukutua kwayo mdomo unaotoka damu ni kosa, ingawa mtu anayeona damu hukimbilia maji yaliyo karibu bila kufikiri.

Mahali panapofaa zaidi kulihifadhi jino la mtu mzima lililong'oka ni palepale lilipotoka. Lishike kwa upande wa kutafunia, usiuguse mzizi. Likiwa na uchafu, limwagie maji safi ya kunywa kwa sekunde chache tu bila kulisugua, au mwenye jino alirambe, kwa kuwa mate yake hayadhuru kama maji ya ziwa. Lirudishe taratibu kwenye tundu lake, uso wake wa mbele ukitazama nje, ulisukume mpaka lilingane na majirani zake, kisha mhusika aume kitambaa safi ili lisitoke. Linauma, lakini si kwa kiasi ambacho watu hukidhania. Ikishindikana, litie ndani ya maziwa baridi. Nasema maziwa nikiwa na maana ya maziwa matupu. Chai ya maziwa ya kwenye chupa haifai kwa sababu ya moto na sukari, wala maziwa lala, yaani ya mgando, kwa sababu ya ukali wake. Maziwa yakikosekana, mwenye jino ateme mate kwenye kikombe kisafi na kulitumbukiza humo.

Kuna watu wawili ambao hawahusiki na ushauri huo. Wa kwanza ni mtoto aliyeng'oka jino la utotoni. Hilo halirudishwi kamwe, kwa sababu laweza kuharibu jino la kudumu linaloota chini yake. Wa pili ni mtu aliyezimia, anayetapika au aliyechanganyikiwa baada ya pigo. Huyo ana jeraha la kichwa, na jino si jambo la kushughulikia kwanza.

Jino lililovunjika bila kung'oka halina haraka hiyo. Hifadhi kipande ndani ya maziwa, funika ukingo mkali kwa nta ili usikate ulimi, kisha umwone daktari siku hiyo au kesho yake.

Hatari ninayoihofia zaidi ziwani ni nyingine, nayo huja polepole. Wavuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, hukaa visiwani kwa siku nyingi, na mtu huondoka nyumbani na gego lililotoboka ambalo "linauma kidogo tu". Usiku wa tatu shavu limevimba. Nimewaona watu wakidondoshea petroli ndani ya tundu la jino, na wengine wakibandika tembe ya aspirini kwenye ufizi. Petroli ni sumu, na aspirini huunguza ufizi bila kulitibu jino. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kumeza tembe 2 za parasitamoli za miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kupita tembe 8 kwa siku, na mafuta ya karafuu yaliyotiwa kidogo kwenye pamba hutuliza kwa muda. Lakini kutuliza si kutibu. Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, mdomo ukikataa kufunguka, kumeza au kupumua kukiwa kugumu, au homa ikipanda, usingoje mapambazuko wala nyavu. Usaha ulio chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa na kumuua mtu, na hapo anahitajika daktari wa hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga jijini Kisumu, wala si muuza dawa wa ufuoni.

Ndiyo maana siku hizi siendi safari ya siku nyingi bila kuangaliwa meno kwanza, na aliyeng'olewa jino namkatalia kuvuta nyavu kwa siku mbili au tatu. Kazi nzito huiamsha damu. Ikianza kutoka tena, aume kitambaa safi cha shashi kwa nusu saa mfululizo bila kuchungulia, na asisukutue.

Katika boti yetu sasa pana kopo lenye kifuniko kinachokaza. Ndani yake mna pakiti ndogo ya maziwa yanayodumu bila jokofu, shashi, glavu, parasitamoli na chupa ya maji safi. Maziwa hayo ndiyo watu huyashangaa, na vijana wameyanywa zaidi ya mara moja, hata nikalazimika kuandika kwenye kopo kwamba ni dawa.

Mwaka jana yalihitajika. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 19 aliteleza tulipokuwa tukiisukuma boti, akaangukia ukingo wake. "Mjomba, jino," aliniambia huku akilinyoosha kiganjani, mkono ukimtetemeka. Tulijaribu kulirudisha, lakini alikuwa na hofu mno, kwa hiyo tulilitia kwenye maziwa tukaondoka mara moja. Daktari alilirudisha, akalifunga na majirani yake kwa waya mwembamba utakaokaa wiki 2, na akampa chanjo ya pepopunda.

Baada ya siku tano maumivu yalikuwa yamekwisha, na usiku wa giza usio na mwezi, ambao ndio wa omena, ulikuwa umewadia. Mpwa wangu akaanza kufunga mizigo. Nilimkalisha chini nikamweleza kwamba neva ya jino lililong'oka kwa mtu wa umri wake hufa hata jino lenyewe likishika, na kwamba mfereji ulio ndani ya mzizi usipoanza kusafishwa ndani ya wiki hizo 2, mwili huanza kuula mzizi kimyakimya mpaka jino lilegee tena. Alinung'unika kuhusu siku za kazi zitakazopotea, nami nilimwelewa, kwa kuwa ana mama wa kumtunza. Tulikubaliana nishike zamu yake ya usiku mbili. Waya uliondolewa siku ileile mfereji ulipoanza kusafishwa, akarudi tena mara mbili mpaka ukazibwa, na hadi leo anatafunia jino lake mwenyewe.