Kabla hujakamua zabibu zako mwenyewe

Juzi usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Chamwino. "Shikamoo dada. Nina ekari moja na nusu ya zabibu. Msimu huu nimepewa bei ya kutupa, nimeamua nikamue mwenyewe, niuze mvinyo kwa jina langu. Naomba ushauri." Nikamjibu marahaba, nikaandika mistari mitatu, nikafuta. Mistari mitatu isingetosha. Kijana huyu ni mimi wa mwaka 2018, kila neno.

Baba yangu alilima zabibu Hombolo tangu sijazaliwa. Kwetu Dodoma mzabibu haulali kama Ulaya kwenye baridi, kwa hiyo ukijua kupogoa unavuna mara mbili kwa mwaka, wakati wa mvua na tena kiangazi. Watu wa mbali wakisikia hivyo wanatuona matajiri. Hawajui kwamba zabibu haisubiri. Ikishaiva, siku chache tu ngozi inalegea, nyigu wanaingia, ndege wanakula, na mnunuzi anajua kabisa kwamba huna pa kwenda. Nilimwona baba akikubali bei huku anatazama chini. Siku ile niliapa zabibu zetu zitatoka shambani zikiwa ndani ya chupa.

Mkamuo wa kwanza sitauongelea sana. Tani moja ya Chenin Blanc, aina ya zabibu nyeupe, ikanipa lita mia sita na kitu za mchuzi, yaani maji ya zabibu, nikazimwaga kwenye simtanki la lita 1,000 kwa sababu ndilo nililokuwa nalo. Sehemu iliyobaki tupu ilijaa hewa, na hewa ndiyo adui. Baada ya miezi miwili nilikuwa na siki.

Wa pili ndio ulioniumiza. Wateja wengi wa kwetu wanapenda mvinyo mtamu, nikaamua nisiache mchuzi uchachuke hadi mwisho. Nilionja kwa ulimi, nikaona utamu umekaa vizuri, nikatia dawa ya kuzuia hamira kwa kukadiria, tena kidogo, maana niliogopa watu watasema naweka kemikali. Chupa nilikusanya baa, wapwa zangu wakazikwangua lebo kwa siku nne. Chupa 480 zikapangwa chumba cha uani, chini ya bati.

Oktoba ikafika na joto lake. Saa tisa usiku nikasikia mlio kama mtu amegonga bati kwa ngumi. Kisha wa pili. Mama akaamka akidhani wezi. Tulipofungua mlango, povu la waridi lilikuwa linatoka chini ya kizingiti, vizibo viko sakafuni, na chupa moja ikaruka kizibo mbele ya macho yetu, ikapiga dari. Hamira ilikuwa hai, sukari ipo, joto limeiamsha, gesi haina pa kutokea. Asubuhi sisimizi walikuwa wamechora mstari kutoka chumbani hadi kisimani. Nilihesabu chupa zilizobaki nzima: 212. Hizo nazo nilizifungua moja moja kwa mkono wangu, nikazimwaga, kwa sababu sikuweza kumpa mtu bomu akaliweke mezani kwake.

Kwa hiyo mdogo wangu, pima. Nunua kipima sukari kabla hujanunua lebo. Mchuzi wa briksi 22 (briksi ndicho kipimo cha sukari) ukichachuka wote unakupa kileo cha asilimia 12 hivi, na kila gramu 17 za sukari kwenye lita moja zinakwenda kuwa asilimia moja ya kileo. Ukijua hilo, hubahatishi. Anza na mvinyo mkavu, usio na sukari ya kuchezea. Kipimo kikionyesha sukari imekwisha, kisha kikakaa palepale siku kadhaa mfululizo, hapo ndipo uchachukaji umekwisha, si pale ulimi wako unapotaka uishe. Mvinyo mtamu usubiri hadi uwe na kichujio cha mikroni 0.45, chenye matundu madogo ya kunasa hamira, na mzani wa kupima dawa kwa gramu. Dawa hiyo ni salfaiti, chumvi ya salfa ambayo watengenezaji wa mvinyo duniani kote wanaitumia, usiionee aibu, ila usikadirie. Pima.

Mambo ya leseni, alama ya ubora ya TBS na stempu za kodi za TRA utayapitia kama sisi wote tulivyoyapitia. Yanachosha, yanakwisha.

Lisilokwisha ni soko. Nilipopata mvinyo mzuri hatimaye, hoteli moja ya Dar es Salaam ilichukua katoni 20 kwa mali kauli, yaani wanalipa wakishauza. Nilifurahi nikampigia baba. Miezi mitatu simu hazipokelewi. Nikapanda basi, nikawakuta wameziweka pembeni ya jiko, chupa zimesimama juani karibu na dirisha, lebo zimefifia. Meneja aliyechukua mzigo ameondoka, mpya anasema hana habari nao. Nililipwa chupa 31. Zilizobaki nilizibeba hadi stendi ya Mbezi kwa bajaji mbili, na nikalia ndani ya basi mpaka Morogoro. Naandika leo na bado roho inaniuma, si kwa sababu ya hela. Walikuwa na kabati zima la mvinyo wa Afrika Kusini, lenye ubaridi, limepangwa vizuri. Wangu uliachwa uoze jikoni katika nchi yake.

Tangu siku ile sitoi mali kauli. Hata chupa moja. Badala yake nilianza kwenda kwa wahudumu. Mteja akiuliza "mzuri upi?", anayejibu si meneja, ni yule binti aliyeshika trei, naye anataja anachokijua. Nikawa naenda mchana wateja wakiwa wachache, namwaga kidogo kidogo kwenye glasi, naeleza kwamba mweupe unywewe baridi, mwekundu unaendana na nyama choma, na kwamba wamisionari wa Bihawana walilima zabibu hapa kwa ajili ya mvinyo wa misa, si jambo lililoanza jana. Nikaingia kwenye send-off na harusi. Miaka miwili hivyo. Wiki iliyopita mgahawa mmoja wa Dar umeagiza katoni 30 na kulipa kabla gari halijapakia.

Vijana wenzangu wa Dodoma, tuache kukimbilia chupa kwa hasira ya bei. Hasira haichachushi mvinyo. Tuache kuongeza rangi na sukari ya dukani kisha tunalalamika Watanzania hawapendi cha kwao. Watanzania wanapenda kitu safi. Osha pipa, osha mpira wa kupitishia mvinyo, osha mikono, kisha osha tena. Ukiona uvivu kuosha pipa saa nne usiku baada ya kutwa nzima ya kukamua, uza zabibu zako kiwandani, na hakuna ubaya wowote katika hilo.

Kijana wa Chamwino nimemjibu hivi: msimu huu uza zabibu zote kiwandani kwa bei hiyohiyo inayokuudhi, bakiza kilo mia moja. Zitakupa lita sitini hivi, chupa themanini. Uchachukaji ukiisha, zitie kwenye vyombo vidogo vijae hadi shingoni. Chupa arobaini gawa kwa watu wasiokupenda sana, wakuambie ukweli. Arobaini weka chumba chenye ubaridi, uzifungue moja kila wiki mbili uone zinaelekea wapi.

Agosti njoo Hombolo na ndoo safi. Kipima sukari nitakuazima changu.